KARATASI YA MGANGA: NI NANI ANAYEPASWA KUILIPA?



Siku ya Mungu moja, kisha ibada, mama mmoja wa kwaya aliningojea karibu na mlango. Uso wake haukuwa na furaha. Aliniambia: «Baba Shemasi, nina swali. Mtoto wangu aliugua malaria. Tulimpeleka kituo cha afya, tukalipa fishi, tukalipa vipimo, tukalipa dawa. Mungu akasaidia, mtoto akapona. Sasa kwa masomo wanaomba karatasi ya mganga ya kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa kweli, ili wamrudishie mtihani aliokosa. Nimerudi kule kwa mganga, na wananiambia: leta franga elfu kumi. Juu ya karatasi moja! Mimi nimekwisha kulipa matunzo. Je, huu si wizi?»

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda. Kwanza, si vizuri shemasi kukata neno akiwa amesikia upande mmoja tu. Tena, swali lake liligusa jambo la zamani katika maisha yangu mwenyewe, jambo ambalo sijapenda kulisema mbele ya watu. Nitalisema leo, lakini mbele kidogo. Tuanze na swali lenyewe, maana najua si mama yule peke yake anayejiuliza.

1. Kutibu na kushuhudia

Tunachanganya mambo mawili. Mganga anapokuangalia, anapokupima damu na kukupa dawa, anakutibu. Kazi hiyo ni kati yako na yeye, na matunda yake yako katika mwili wako. Lakini anapoandika karatasi ya kusema «huyu alikuwa mgonjwa siku tano», au «huyu ana nguvu za kufanya kazi hii», au «mtoto huyu alizaliwa hapa tarehe fulani», hapo hakutibu tena. Anashuhudia. Na ushuhuda ule hausomwi na mgonjwa. Unasomwa na mtu mwingine: patro wa kazi, prefe wa masomo, ubalozi, kampuni ya asiranse, tribinali, ofisi ya eta-sivili.

Basi karatasi ya mganga ni neno la shahidi lililoandikwa na kutiwa muhuri. Tukilishika hilo, mambo mengine yatafunguka yenyewe.

2. Sababu za kuomba franga

Nilikwenda kumwona mganga mmoja ninayemfahamu, anayefanya kazi katika lopitali ya serikali. Nilimpa swali la mama yule bila kuficha neno wizi. Hakukasirika. Alinieleza sababu zake, nami nawaletea ninyi kama nilivyozisikia.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuandika ni kazi. Ili aandike kweli, mganga anapaswa kutafuta fishi ya mgonjwa, kuisoma, pengine kumwangalia tena, kisha kuandika. Wakati huo watu wengine wamekaa kwenye benchi na homa yao wakimngojea.

Sababu ya pili ni sahihi yake. Akiandika uongo, si karatasi itakayoitwa kujibu bali yeye mwenyewe. Sheria inaadhibu karatasi ya uongo, na kanuni za kazi ya waganga katika inchi yetu zinamkataza kuandika karatasi ya kumpendeza mtu. Anabeba mzigo huo miaka mingi kisha wewe umekwisha kusahau jina lake.

Sababu ya tatu ni kwamba karatasi nyingi hazihusu matunzo hata kidogo. Ubalozi unataka kujua kama huna kifua kikuu. Patro anataka kujua kama utaweza kubeba mizigo. Hiyo ni faida ya ubalozi na ya patro. Kwa nini franga za wagonjwa maskini zitumike kuandikia watu hao?

Sababu ya nne alinieleza kwa sauti ya chini. Alisema: «Shemasi, serikali inatuita watumishi wake, lakini hapa kuna wauguzi ambao hawana mshahara, wanapata prime tu, na wengine hata prime hawapati. Mama anayesafisha vyumba hayuko kwenye liste yoyote. Sisi sote tunakula kwa kile mgonjwa anacholipa. Franga ya karatasi inaingia katika sanduku lile lile.»

Wandugu, hilo ni kweli, na wote tunalijua. Tangu miaka ya 1980 serikali yetu ilipunguza sana kile ilichotoa juu ya afya, na mzigo ukaanguka juu ya mgonjwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Lakini katiba hainunui mafuta ya jenereta. Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa kuzalisha wamama bila malipo, kuanzia Kinshasa. Tunamshukuru Mungu kwa mwanzo huo. Lakini katika lopitali nyingi, mtu anayetibiwa bado ndiye anayelipa karibu kila kitu.

Hivyo tusiseme haraka kwamba mganga anayeomba franga ni mwizi. Mtenda kazi anastahili mshahara wake, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo alipowatuma wanafunzi.

3. Wazee wetu wa Katanga, na watoto wetu wa Uingereza

Lakini si kila mahali na si kila wakati mgonjwa ndiye anayelipa. Wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, na kisha mwaka 1967 kampuni ilipokuwa mali ya serikali na baadaye kuitwa Gécamines, mfanyakazi alikuwa na lopitali ya kampuni. Yeye, mke wake na watoto wake walitibiwa pale. Akiugua, mganga wa kampuni alimwandikia karatasi, na mkubwa wa kazi akaipokea. Hakuna aliyemwambia mgonjwa: leta franga. Kwa nini? Si kwamba waganga wa wakati ule walikuwa watakatifu. Kampuni ndiyo iliyotaka kujua kama mtu ni mgonjwa kweli, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomlipa mganga. Anayeitaka karatasi ndiye aliyeilipa.

Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, mambo hayo yalianguka pamoja nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Wengi wao ni wababa zetu na wajomba zetu. Lakini mapatro wapya hawakuacha kuomba karatasi. Desturi ya kuomba ilibaki, na desturi ya kulipa ilikufa.

Tuangalie pia mahali pengine, maana wengine kati yetu wana watoto na wandugu Uingereza, na wanatuletea habari. Kule, tangu tarehe 5 Julai 1948, serikali ndiyo inayolipa matunzo ya watu wote, na mgonjwa haombwi kitu ili amwone mganga. Hata hivyo ndugu zetu wanashangaa wanapoombwa malipo juu ya karatasi fulani! Sababu ni hii: waganga wengi wa mtaa kule hufanya kazi na serikali kwa mkataba. Katika mkataba kuna karatasi ambazo mganga anapaswa kuandika bila malipo. Mfanyakazi akiugua siku saba za kwanza, anajiandikia mwenyewe na neno lake linapokelewa. Ugonjwa ukipita siku hizo, mganga anampa karatasi bure. Lakini barua kwa asiranse ya safari, na nyingine za namna hiyo, haziko katika mkataba. Mganga anaweza kukataa kuziandika, au kuziandika na kudai malipo.

Na kuna karatasi moja kule ambayo ilileta manung'uniko mengi: ile ya kuruhusu maiti ichomwe, maana wengi kule huchoma maiti. Mganga aliyeijaza alilipwa paundi 82, na mara nyingi jamaa wenye kilio ndio waliozitoa. Mwezi wa 9 mwaka 2024 karatasi hiyo iliondolewa katika Uingereza na Wales, kwa kuwa sasa kila kifo kinaangaliwa kwa njia nyingine. Basi hata katika inchi tajiri watu wanaendelea kujiuliza swali la mama wa kwaya. Na wanaweza kubadilisha.

4. Kuhani, mwenye ukoma, na mtumishi wa Elisha

Sasa tufungue Maandiko. Wengine watafikiri Biblia haisemi kitu juu ya karatasi za waganga. Inasema.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 13 na ya 14, mtu mwenye ukoma hakuweza kurudi kukaa na watu kwa neno lake mwenyewe. Ilipaswa kuhani amwangalie na kutangaza kwamba amekuwa safi. Kuhani hakumponya. Aliyeponya ni Mungu. Kuhani alishuhudia tu. Bwana Yesu naye, alipowatakasa wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa kuwa bila ushuhuda huo mtu aliyepona angebaki amefungiwa nje ya mji na nje ya jamaa yake.

Angalieni mambo mawili katika sheria ile. La kwanza: kuhani hakusema neno kabla ya kuangalia. Akiwa na mashaka, alimtenga mtu siku saba, akaangalia tena. Hakutia muhuri akiwa amekaa nyumbani. La pili: kulikuwa na kitu cha kutoa. Aliyetakaswa alipaswa kuleta wanakondoo watatu. Lakini Mungu aliongeza neno juu ya maskini: kama mkono wake haufiki pale, alete mwanakondoo mmoja na njiwa wawili. Kutangazwa kwake kuwa safi kulikuwa kule kule. Maskini hakupewa usafi wa nusu, wala hakuambiwa abaki nje ya kambi mpaka apate wanakondoo wengine wawili.

Wandugu, hapo ndipo mzani ulipo. Sheria ya Mungu haikukataza kitu kutolewa, bali ilikataza umaskini kuwa ukuta.

Tena mnajua habari ya Naamani, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Elisha alikataa zawadi zake, maana kuponya kule hakukuwa mali ya Elisha. Lakini Gehazi mtumishi wake alikimbia nyuma ya gari, akatumia jina la bwana wake, akatunga uongo juu ya vijana wawili waliofika wageni, akapata fedha na mavazi. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Wengine wanatumia habari hii kusema: mganga asilipwe kamwe. Sivyo. Gehazi hakupata hukumu ile kwa sababu alidai mshahara wa kazi aliyoifanya. Alipokea mali juu ya kazi ambayo hakuifanya, kwa neno ambalo halikuwa la kweli, na kwa jina la mwingine.

Ninajua pia wengine watasema: Nabii Simon Kimbangu, alipoanza kuponya watu kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, hakuweka bei mlangoni. Ni kweli. Na alilipa kwa kifungo cha miaka 30, mpaka kufa kwake hapa kwetu Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Lakini kipawa cha Roho ni kitu kimoja, na kazi ambayo mtu aliisomea miaka mingi kwa franga za wazazi wake ni kitu kingine. Kipawa hakiuzwi, na kazi inalipwa. Ushuhuda nao una pande mbili: jasho la kuuandika linaweza kulipwa, lakini ukweli wake hauwezi kununuliwa.

5. Karatasi za namna tatu

Kwa hiyo nimezigawanya karatasi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni karatasi inayotakiwa na mwenye nguvu kwa faida yake: patro, ubalozi, asiranse. Hapo mganga ana haki ya kuomba malipo ya kadiri, na kwa haki anayeitaka ndiye angeilipa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa patro mzigo wa kumtunza mfanyakazi wake anapougua. Mtu anayebeba mzigo wa matunzo, je, atashindwa na karatasi? Lakini sisi tunaogopa kuuliza, tunalipa kimya, kisha tunamlaani mganga peke yake.

Fungu la pili ni karatasi ambayo mtu akiikosa anapoteza haki yake ya kuwa mtu mbele ya wengine. Karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Karatasi ya kifo. Karatasi ya mwanamke au msichana aliyetendewa jeuri ya mwili. Hapa najua watu wanalia. Mwaka jana dada mmoja wa kanisa alijifungua salama, lakini deni lilibaki kwenye maternite. Walimwacha atoke, na karatasi ya mtoto wakaishika kama rehani. Sheria inatoa siku 90 tu za kuandikisha mtoto kwa eta-sivili. Kila juma dada alikwenda kuomba, kila juma alirudi mikono mitupu. Siku zikipita, mtoto anahitaji kwenda tribinali ili ajulikane kwamba alizaliwa. Mtoto mwenyewe amefanya deni gani? Tulikusanya franga siku ya Mungu, tukatoa karatasi zikiwa zimebaki siku sita. Nasema wazi: kushika karatasi ya namna hii ni dhambi, hata kama deni ni la kweli. Deni lidaiwe kwa njia nyingine.

Na juu ya mwanamke aliyetendewa jeuri, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinamtaka mwendesha mashtaka au jaji mwenyewe aite mganga amwangalie. Ni ushuhuda wa inchi nzima juu ya uovu. Kumwambia mwanamke yule alete franga ndipo aandikiwe ni kumtendea jeuri mara ya pili. Waganga wengine wametuonyesha njia nzuri: hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatunza wanawake wengi wa namna hiyo bila kuwadai kitu.

Fungu la tatu ni karatasi ya uongo. Juu ya hiyo sina haki ya kunyosha kidole kabla ya kusema habari yangu.

6. Kosa langu

Mwaka 2011 nilikuwa mwandishi wa depo katika kampuni moja. Mjomba wangu alikufa Kamina. Niliomba siku nne za kilio, patro akanipa moja. Nilikwenda, nikakaa siku nne. Niliporudi nilipita kwa kituo kidogo cha mtu binafsi, nikampa muuguzi dolari tano. Hakunigusa hata paji la uso. Aliuliza tu: «Siku ngapi?» Akaandika malaria, siku tatu, akapiga muhuri. Patro aliipokea. Nami nilijisifu kwa wenzangu, wakaniuliza mahali, nikawaonyesha. Kisha miezi michache, karatasi za kituo kile zilijaa katika biro ya patro.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mpakizi wa mizigo, mtu mpole, baba wa watoto watano. Aliugua kweli. Alikwenda kituo kile kile kwa sababu kilikuwa karibu na nyumba yake. Alipima damu, akapewa dawa, akaandikiwa siku tatu za kupumzika. Alipotuma mtoto kuleta karatasi, patro alicheka. Alisema: «Hizi zinauzwa kama mandazi. Asipokuja kesho, kazi imekwisha.» Mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu yangu. Nilijua kwa nini patro hakuamini. Sikusema neno.

Mwenzetu alikuja kesho yake. Alibeba mifuko ya unga akitetemeka. Saa nane mchana alianguka kati ya mifuko. Alilala lopitali siku kumi na moja. Mungu alimponya, lakini sikio lake moja halikusikia tena vizuri, na mahali pake kazini palikuwa pamekwisha kupewa mwingine. Mke wake aliuza cherehani.

Wandugu, siku ile nilielewa maana ya amri inayokataza kushuhudia uongo. Nilifikiri nimemdanganya patro tu, mtu mkali ambaye alistahili. Kumbe nilikuwa nimeiba kitu cha maskini mwenzangu: nguvu ya karatasi yake ya kweli. Dolari zangu tano zilinunua siku tatu kwangu, na zikamwondolea yeye mkate wa nyumba. Ilipita miaka saba ndipo nilipokwenda nyumbani kwake kumwambia. Alininyamazia muda mrefu. Kisha alisema: «Ungesema siku ile.» Alinisamehe, na tunasalimiana. Lakini neno lile linabaki ndani yangu mpaka leo.

Basi tukimwuliza mganga kwa nini anauza, tujiulize pia ni nani anayenunua.

7. Tufanye nini?

Kwanza, unapoombwa karatasi, uliza kwa heshima: je, ni lazima? Mama wa kwaya nilimshauri achukue fishi ya kituo cha afya, ile ile aliyokwisha kuilipia, yenye tarehe, matokeo ya damu na muhuri, aende nayo kwa prefe. Alikwenda. Prefe aliisoma, akamrudishia mtoto mtihani. Franga elfu kumi zilibaki nyumbani. Mara nyingi ushuhuda tunautafuta mbali nao uko mikononi mwetu. Tutunze fishi zetu, tusizifungie karanga.

Pili, kama karatasi ni ya patro au ya asiranse, uliza ni nani anayeilipa. Wakijibu vibaya, umeuliza, na mwingine ataulizia juu ya neno lako.

Tatu, uliza bei mbele ya kazi, na omba resu. Mganga mwaminifu hataogopa resu. Franga inayoingia katika sanduku la lopitali inamsaidia mama anayesafisha. Inayoingia katika mfuko bila kuandikwa inamfundisha muuguzi njia ya Gehazi.

Nne, wazazi, msingoje. Siku 90 zinapita mbio. Andikisheni mtoto mara moja. Na parokia yetu iwe na sanduku dogo juu ya karatasi za fungu la pili, ili tusikimbie kukusanya franga zikiwa zimebaki siku sita.

Tano, tusiombe uongo. Kama umekwenda kilio, mwambie patro kwamba umekwenda kilio. Akikukata mshahara wa siku tatu, umepoteza mshahara wa siku tatu tu.

Na ninyi waganga na wauguzi mlio kati yetu, tunawapenda na tunajua taabu yenu. Ombeni malipo ya kazi yenu bila haya, lakini mkumbuke njiwa wawili wa maskini. Msiandike mtu ambaye hamkumwangalia. Msishike karatasi ya mtoto. Sahihi yenu ni kiapo, hata wakati hakuna anayewaona mkiitia.

Nayo serikali, tusiache kuikumbusha, na kuiombea. Mtumishi asiyelipwa anawekwa kila siku katika jaribu, na anayemweka pale ana sehemu yake katika dhambi.

Mama wa kwaya alinishukuru juu ya habari ya fishi. Lakini juu ya swali lake la kwanza, kama ni wizi au sivyo, nilimjibu hivi: mara nyingine ni mshahara wa haki, mara nyingine ni wizi, na mara nyingine mwizi ni yule aliyeiomba. Tumwombe Bwana atupe macho ya kutofautisha, na kinywa cha kusema siku ile ile, tusingoje miaka saba.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote. Amina.

Ni mimi ndugu yenu, Shemasi wa parokia.